Majina ya Vita: Juu ya Makumbusho ya Wachimbaji wa Makaa ya Mawe huko Matewan

Aghalabu mtu aingiapo katika nyumba ya makumbusho hutazama vitu kwanza, na maneno yaliyobandikwa kando ya vitu huyapitia upesi, kama asomavyo anwani juu ya bahasha. Katika makala haya nimekusudia kufuata njia ya kinyume: kuyatazama maneno kwanza, na vitu kwa kadiri visaidiavyo maneno. Makumbusho yenyewe ni madogo. Yako Matewan, mji ulio katika wilaya ya Mingo, kusini ya jimbo la West Virginia huko Marekani, ukingoni mwa mto wa Tug Fork ambao ng'ambo yake ni jimbo la Kentucky. Kwa hesabu ya watu ya 2020 mji huo haukufikisha wakazi 500. Makumbusho yalifunguliwa Mei 2015 kwa jitihada za wenyeji, walimu na watu wa chama cha wachimbaji, na leo yamo katika jengo la tawi la chama hicho, tawi nambari 1440. Jina lake, likitiwa katika Kiswahili, ni Makumbusho ya Vita vya Migodi vya West Virginia. Msomaji na alishike jina hilo, maana sehemu kubwa ya nitakayosema, ya sifa na ya lawama, imo ndani yake.

Yafaa kwanza habari zenyewe zielezwe kwa ufupi. Reli ilipita katika bonde la Tug katika miaka ya 1890, na nyuma ya reli yakaja makampuni ya makaa. Mchimbaji wa siku hizo alikaa katika nyumba ya kampuni, alinunua unga katika duka la kampuni, na mara nyingi alilipwa kwa sarafu za kampuni zisizopokewa penginepo. Akijiunga na chama, kazi ilikwisha na nyumba pia. Mwaka wa 1920 wachimbaji wa Mingo walianza kujiunga kwa maelfu. Tarehe 19 Mei kampuni ya Stone Mountain ilileta Matewan walinzi wa kukodiwa wa shirika la Baldwin-Felts, ili wawatoe watu na vyombo vyao nje ya nyumba. Kazi ilipokwisha, wakiwa wangojea gari la moshi, walinzi hao walikabiliwa na mkuu wa polisi wa mji, Sid Hatfield, pamoja na meya, Cabell Testerman. Kila upande ulidai una hati ya kuukamata upande wa pili. Risasi zikalia, wakafa watu kumi: walinzi saba, wachimbaji wawili na meya. Hatfield alishitakiwa, akaachiliwa. Tarehe 1 Agosti 1921, akipanda ngazi za mahakama ya mji wa Welch pamoja na rafiki yake Ed Chambers na wake zao, alipigwa risasi na watu wa Baldwin-Felts. Waume wote wawili walikufa. Mwisho wa mwezi huo wachimbaji wapatao 10,000 walishika bunduki wakaanza safari ya kwenda Mingo kwa kupitia wilaya ya Logan, na penye mlima wa Blair wakakutana na watu wapatao 3,000 wa Don Chafin, sherifu wa Logan. Ndege zilidondosha mabomu juu yao. Mapigano yalikoma mwanzoni mwa Septemba, Rais Harding alipopeleka askari wa serikali kuu, ambao wachimbaji hawakutaka kupigana nao.

Haya ndiyo mambo ambayo kwa muda mrefu jimbo lenyewe halikupenda yasemwe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waandishi waliolipwa na serikali kuu walitunga kitabu cha kuieleza West Virginia kwa wageni. Gavana Homer Holt alikizuia kwa sababu ya habari za wafanyakazi zilizokuwamo, na hakikutoka mpaka 1941, alipokwisha kuondoka. Charles Keeney, kitukuu wa Frank Keeney aliyekuwa kiongozi wa chama siku za mlima wa Blair, ni mmoja wa waliosimamisha makumbusho haya, na ameandika kitabu juu ya shauri la kuuokoa mlima huo. Uliwekwa katika orodha ya serikali ya mahali pa historia mwaka wa 2009, ukatolewa mwaka huo huo, ukarudishwa 2018 baada ya kesi. Kwa hiyo Matewan kukumbuka si jambo la kupitisha wakati wa mapumziko. Kiswahili chatusaidia hapa kuliko Kiingereza. Neno la Kiingereza la makumbusho latoka kwa miungu wa Kiyunani wa elimu na nyimbo. La kwetu latoka katika kitendo cha kukumbusha, na kukumbusha hakuwi bila mtu anayekumbusha na mtu aliyesahau, au aliyesahaulishwa.

Sasa tuyaendee majina. Tukio la 19 Mei limezoeleka kuitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo mfasiri wa Kiswahili angelitia bila kusita kuwa ni mauaji ya halaiki. Lakini mauaji ya halaiki, katika lugha yoyote niijuayo, yataka pande mbili zisizo sawa, wenye silaha na wasio nazo. Je, Matewan ni nani aliyekuwa mnyonge? Saba katika wale kumi waliokufa walikuwa wamekuja kwa kazi ya kutoa watu majumbani kwao. Ukisema mauaji, sarufi yenyewe yakulazimisha kuuliza muuaji ni nani, na jibu lililo karibu ni Hatfield na wachimbaji. Ndiyo sababu wako wengine wapendao kusema mapigano ya Matewan. Makumbusho hayawezi kulikimbia jina la kwanza, maana ndilo wageni wanalolijua na ndilo wanalolitafuta. Walakini yanapoweka kando yake picha za vyombo vya nyumbani vilivyotupwa njiani na hema walimoishi waliofukuzwa, neno huanza kugeuka mkononi mwa msomaji. Nimeona makumbusho makubwa ambayo hayakuwahi kufanya hivyo kwa neno hata moja.

Jina la pili la kushindana nalo ni ugomvi wa koo. Msomaji wa huku huenda asijue kwamba bonde hili la Tug lilikwisha kupata sifa mbaya kabla ya makaa, kwa ajili ya uhasama wa ukoo wa Hatfield na ukoo wa McCoy katika miaka ya 1880. Sid alichukua jina la Hatfield, basi magazeti ya 1920 hayakuhitaji jingine. Yaliandika kana kwamba watu wa milimani walikuwa wamerudia tabia yao. Neno moja lilitosha kuifuta kampuni, duka, mizani na hati ya kufukuzwa nyumba, likabakiza damu ya ukoo peke yake. Mpaka leo biashara ya wageni katika bonde hilo yategemea sana majina ya koo hizo mbili. Hata njia za milimani za magari madogo ya kuchezea zimepewa majina hayo. Kwa hiyo makumbusho madogo yasemayo vita mahali ambapo soko lasema ugomvi yafanya kazi ngumu, na hapana budi yasifiwe kwa hiyo.

Kwetu jambo hili si geni. Wajerumani katika maandiko yao waliyaita mambo ya 1905 hadi 1907 kusini mwa Tanganyika uasi, nao wazee wa Songea, Matumbi na Kilwa husema Vita vya Majimaji. Uasi wamtaka mtawala halali kwanza, ndipo mtu amwasi. Vita havimtaki, vyataka pande mbili tu. Mwenye kuingia katika Makumbusho ya Majimaji pale Songea amekwisha kukubali sehemu ya hoja kabla hajaona mkuki wa kwanza, kwa kuwa jina limekwisha kumkubalisha. Wenzetu wa Matewan wameliona jambo hilo hilo. Serikali ya West Virginia iliwashitaki viongozi wa 1921 kwa uhaini. Bill Blizzard alihukumiwa mwaka wa 1922 mjini Charles Town, katika mahakama ile ile alimohukumiwa John Brown mwaka wa 1859, na tofauti na John Brown aliachiliwa. Kuita mambo hayo vita ni kuyakataa mashitaka yale mara ya pili.

Neno la tatu ndilo lililonivuta kuandika. Ni redneck, yaani shingo nyekundu. Katika Marekani ya leo ni tusi kwa mzungu wa shamba, maskini na asiyesoma. Wachimbaji waliokwenda Blair walifunga shingoni vitambaa vyekundu ili wajuane, na wapinzani wao wakawaita shingo nyekundu kwa dharau, na wao wakalipokea jina. Makumbusho yameufanya utambi huo mwekundu kuwa alama yake. Husikika sana, katika magazeti na katika vinywa vya wapenzi wa historia hiyo, kwamba hapo ndipo neno lilipozaliwa. Sivyo. Neno laonekana katika maandishi ya Marekani tangu karne ya 19, na kufikia miaka ya 1890 lilikwisha kutumiwa kusini kwa wakulima walioungua shingo kwa jua. Patrick Huber, aliyeandika vizuri juu ya vitambaa hivyo mwaka wa 2006, aonyesha lililo kweli na linalotosha: kwamba katika nchi ya makaa, baina ya mgomo wa 1912 na miaka ya 1930, neno hilo lilipata maana yake yenyewe, mtu wa chama, na maana hiyo haikuuliza rangi ya ngozi wala nchi ya kuzaliwa.

Kwa nini nalishikilia jambo dogo kama hili? Kwa sababu asili na maana ni vitu viwili, na anayevichanganya hupoteza kilicho kikubwa kwa kutafuta kilicho kikongwe. Neno Mswahili latumika katika miji yetu kwa mtu mjanja asiyeaminika, na latumika pia kwa mrithi wa ustaarabu wa pwani. Hapana faida kubishana lipi lilitangulia. Lililo kubwa ni nani alilitumia, kwa nani, na aliyeitwa alijibu nini. Shingo nyekundu ya Blair ni neno la watu waliotukanwa wakaitikia. Mtu akianza kudai kwamba lilizaliwa kwao, atakuja mwenye kamusi amshinde, na katika kushindwa huko ile itikio itapotea pamoja na dai.

Tena kitambaa hicho chasema jambo jingine. Katika migodi ile walikuwako wazungu wa milimani, Wamarekani weusi waliotoka Virginia na Alabama, Waitalia, Wahungari na Wapolandi. Makampuni yalipenda mchanganyiko huo, yakitumaini kwamba watu wasioelewana hawatapatana. Chama kingewaambia nini watu hawa, na kwa lugha gani? Kitambaa kilikuwa sentensi ambayo kila mtu aliweza kuisoma. Upande wa Logan nao walifunga vitambaa vyeupe mikononi. Kulikuwa na maneno ya siri pia. Tarehe 31 Agosti 1921 kikundi cha wachimbaji, wazungu na weusi, kikiongozwa na John Wilburn, mchimbaji aliyekuwa pia mhubiri wa Kibatisti, kilikutana mlimani na watu watatu. Kila upande ulimwuliza mwenziwe neno. Neno la wachimbaji lilikuwa naja nikitambaa. Wale watatu wakajibu amina, ambalo ndilo neno la Logan. Hapo hapo wakapigwa risasi, wakafa, na mchimbaji mmoja mweusi akafa pia. Mimi nafundisha isimu, na kwa miaka mingi nimewaeleza wanafunzi kwamba maana ya neno haimo ndani ya neno. Sijapata mfano wa kutisha kuliko huu, wa mhubiri anayesikia amina na kujua kwa neno hilo kwamba aliye mbele yake ni adui.

Makumbusho yana sarafu za kampuni, na mbele yake mgeni wa Afrika ya Mashariki hawezi kupita upesi. Kila kampuni ilipiga zake, zenye jina lake, nyingine zikiwa na tundu katikati. Sambamba na sarafu yafaa kuwaza juu ya kibao cha shaba chenye nambari, ambacho mchimbaji alikitundika katika kila gari la makaa alilolijaza, ili apimaye ajue la nani. Malipo yalikuwa kwa tani, na mizani ilikuwa ya kampuni. Ndiyo maana mgomo wa Paint Creek na Cabin Creek wa 1912, uliotangulia haya yote, ulidai kati ya mambo mengine kwamba wachimbaji wawe na mpimaji wao wenyewe. Katika mashamba ya katani ya Tanganyika wafanya kazi waliopelekwa kutoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, jina lililotokana na nambari alizopewa kila mmoja; na siku zao za kazi zilitiwa alama katika kipande. Sitaki kusema mambo hayo mawili ni mamoja. Mchimbaji wa Mingo alikuwa raia, alipiga kura, na alimchagua meya ambaye alikufa kwa ajili yake. Lakini lugha zote mbili zimetunza ushahidi wa namna moja, kwamba mtu alikutana na nambari yake kabla hajakutana na mshahara wake.

Sasa nije kwenye lawama. Jina la vita, lililowasaidia kuushinda ugomvi na uhaini, limewafunga pia. Vita vina mwanzo na mwisho. Wasemapo vita vya migodi husimama 1921, na kwa kusimama hapo huviacha nje vifo ambavyo havikuwa na bunduki. Huko Monongah, katika jimbo hilo hilo, mlipuko wa 6 Desemba 1907 uliua watu 362 kwa hesabu iliyotolewa rasmi. Huko Farmington walikufa 78 mwaka wa 1968. Huko Upper Big Branch walikufa 29 tarehe 5 Aprili 2010. Juu ya hao kuna waliokufa polepole kwa vumbi kifuani, ambao kwa ajili yao wachimbaji wa West Virginia waligoma mapema mwaka wa 1969 mpaka jimbo likatunga sheria ya fidia. Ukiwahesabu hawa, bunduki za Blair ni sehemu ndogo ya hesabu. Naelewa kwamba risasi huvuta macho na vumbi halivuti. Tena makumbusho madogo hayawezi kusema yote. Walakini neno vita, likiachwa peke yake, humfanya mgeni aamini kwamba hatari ya mchimbaji ilitoka kwa mlinzi wa kukodiwa, na mlinzi alipoondoka hatari ikaondoka naye.

Mwaka wa 1921 una faida nyingine ambayo si ya heshima sana. Kwa kusimama hapo, chama hubaki safi. Lakini usiku wa 31 Desemba 1969 Jock Yablonski, aliyekuwa amemshindania Tony Boyle urais wa chama hicho, aliuawa nyumbani kwake Pennsylvania pamoja na mke wake na binti yake, na mwaka wa 1974 Boyle alipatikana na hatia ya kuagiza mauaji hayo. Sisemi kwamba Matewan ina deni la mambo ya Pennsylvania. Nasema kwamba makumbusho yaliyomo katika jengo la chama yapaswa kujihadhari zaidi kuliko mengine, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye pia mmoja wa wanaosimuliwa. Lile liliitwa mauaji bila ubishi wa maneno, na hakuna aliyetaka kuliita mapigano.

Tena liko pengo ambalo mtu wa lugha huliona kwanza. Maneno yote niliyoyataja ni maneno ya juu ya ardhi: ya magazeti, ya mahakama, ya mlimani. Lugha ya chini i wapi? Wachimbaji wa Appalachia walikuwa na msamiati wa kazi ulio tajiri kama ule wa mabaharia wetu wa Lamu na Pemba kwa pepo na bahari. Chukua neno moja tu. Katika dari ya mgodi hukaa wakati mwingine kisiki cha mti wa zama za kale kilichogeuka jiwe, cha mviringo, laini pembeni, kisichoshikwa na mwamba ulio kando yake. Makaa yakiisha kuondolewa chini yake huanguka bila mlio, na chaweza kuwa na uzito wa kuua mtu papo hapo. Wachimbaji walikiita kitako cha birika, kwa vile ukitazama juu waona duara kama la chini ya birika. Aliyelipa jambo hilo jina alikuwa akifikiria jiko la nyumbani kwake alipokuwa akitazama kifo chake. Neno kama hilo lingeweza kusimama katika ukumbi peke yake, bila kitu chochote kando yake, nalo lingesema habari za kila siku ambazo vita havikuzisema.

Kazi ya kuyakusanya haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu mwenye daftari, au mashine ya kunasa sauti, akae na wazee waliofanya kazi chini kabla ya mashine kubwa, awaulize jina la kila kitu walichoshika, na la kila sauti waliyoisikia katika dari walipoigonga kwa fimbo ya sururu ili wajue kama mwamba ni mzima. Sauti ya mwamba mzima ilikuwa na jina, na sauti ya mwamba uliolegea ilikuwa na jina lake. Migodi ya bonde la Tug yaajiri watu wachache sana kuliko zamani, na wale waliogonga dari kwa mkono wamekwisha kuwa wazee.